Mlango wa Tano

Mwezi wa Jeth, tarehe 27

Kadi ya kompyuta imefika leo kwa basi, ndani ya sanduku lililolowa upande mmoja. Yenyewe ilikuwa kavu, imefungwa kwenye mfuko wa rangi ya fedha. Ni kipande cha kijani, kirefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko, na nyuma yake unatoka waya mnene unaogawanyika mikia minane. Kila mkia utashika kipokezi kimoja cha redio, na kila kipokezi kitasikiliza kituo kimoja cha mto. Maji yakipanda huko milimani, namba itapanda kwenye kioo cha kompyuta yangu hapa Dobhanbazar.

Mimi ndiye fundi pekee wa ofisi hii ya maji. Injinia Lokendra Upreti aliupakata ule waya kama mtoto mchanga. "Nirjala, mdogo wangu," akaniambia, "mwaka huu mto hautatushtukiza tena." Nimemwamini. Mwaka juzi ulichukua watu sita, na mmoja wao alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta.

Jeth 29

Nimeifunga kadi. Ina swichi ndogo nane kama punje za mchele, na kwa swichi hizo unaipa anwani yake ndani ya kompyuta. Humo kila kitu lazima kiwe na anwani, kama nyumba za mtaa mmoja, na nyumba mbili zisigombee namba moja. Nimeiacha 280 kama ilivyotoka kiwandani. Milango minane, mmoja kwa kila mkia, inajipanga kuanzia hapo, kila mmoja ukiruka nafasi nane.

Asar 2

Milango saba inasema. Wa tano kimya. Mvua imeanza.

Asar 5

Nimebadilisha mkia, nimebadilisha kipokezi, nimebadilisha hata umeme wake. Wa tano bado kimya. Mlango huo ni wa kituo cha Ghattekhola, na huko kuna msomaji anayetupigia kwa redio ya mkononi asubuhi na adhuhuri, Mzee Dhanbir Pun, askari mstaafu. Wasomaji wengine hutaja namba na kunyamaza. Yeye hawezi.

"Ghattekhola hapa. Mita moja na nukta sita. Mto umeamka vibaya kama mkwe aliyenyimwa chai. Binti wa mashine, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee. Taja namba tu."

"Nimeshataja. Hivi ni kweli jina lako ni Nirjala? Yaani 'bila maji'? Na wamekuweka ofisi ya maji?" Akacheka mpaka redio ikakwaruza.

Ananichosha. Mashine ikishakaa sawa, namba zitakuja bila porojo.

Asar 11

Mvua. Ruba wameingia mpaka kwenye viatu vya ofisini.

Asar 19, Jumamosi

Leo ni siku ya soko, na nilikuja ofisini nijaribu mlango wa tano kukiwa kumetulia. Niliandika amri ya kuuamsha peke yake. Nilipobonyeza, king'ora cha kwenye mnara wa sokoni kikalia.

Hakuna aliyekigusa. Kililia dakika nzima kabla sijachomoa umeme. Kutoka dirishani niliona watu wanapanda ngazi za hekalu wakikanyagana, mbuzi wamefunguka, mama mmoja amekaa juu ya biringanya zake analia. Mzee wa duka la vyuma amevunjika nyonga. Walipoona mto uko palepale ulipokuwa, walikuja kusimama chini ya dirisha letu.

"Dada Nirjala! Mafuriko yamekwama njiani au yamesahau nauli?"

"Mwambie injinia wako aje anilipie mayai!"

Injinia alitoka kuwaomba radhi. Aliporudi ndani hakunitazama.

Asar 20

Nimepata. Nilifungua boksi la kompyuta asubuhi hii nikatoa kadi ya king'ora, ile iliyofungwa mwaka jana na fundi aliyehama bila kuacha karatasi. Nyuma yake amekwaruza kwa msumari: 2A0. Nikahesabu milango yangu kutoka 280 kwa hesabu ya kompyuta, inayokwenda kumi na sita kumi na sita na baada ya tisa inatumia A mpaka F: wa pili 288, wa tatu 290, wa nne 298, wa tano 2A0. Nyumba mbili, namba moja. Ndiyo maana wa tano haujasema hata siku moja, na ndiyo maana nilipouita kikaitika king'ora.

Nilikimbia kwa Injinia. "Nisogeze kadi ya milango ianzie 300, hakuna anayekaa huko. Ni swichi mbili tu. Nipe nusu saa, Bwana Injinia."

"Mgeni kutoka mji mkuu anakuja Jumatano kuzindua," akasema. "Jana umeangusha soko zima. Leo unataka kufungua tena. Ukiharibu na ile saba?"

"Sitaharibu."

"Hata king'ora ulisema hutakigusa."

Akasogeza kiti karibu, sauti ikashuka. "Mdogo wangu, nisikilize. Ghattekhola na kituo cha nne ni mikono miwili ya mto mmoja, bonde moja, mvua moja. Inapanda pamoja, inashuka pamoja. Weka namba ya nne, ongeza tofauti. Mgeni akiondoka utarekebisha. Sitaki pengo kwenye kioo."

Asar 21

Nimelinganisha daftari la wiki tatu. Anachosema ni kweli: tofauti haizidi sentimita kumi na mbili, mvua ikinyesha au isiponyesha. Nimeandika mstari mmoja kwenye programu. Ya tano ni ya nne, ongeza kumi na mbili. Kioo kimejaa, safu nane, zote za kijani. Kinapendeza.

Asar 23

Uzinduzi. Mgeni amevishwa mashada mpaka puani. Amegusa kioo kwa kidole palepale kwenye safu ya tano, akauliza, "Hii ni maji ya sasa hivi?" Injinia akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya chai.

Asar 26

Nimeomba kufungua boksi. Injinia anasema mji mkuu sasa unataka taarifa kila siku, mashine isizimwe hata saa moja. Tungoje kidogo.

Asar 30

Amri imetoka: wasomaji wa mikono hawahitajiki tena, warudishe redio. Wamekuja mmoja mmoja chini ya mvua. Mzee Dhanbir alikuwa wa mwisho. Sikuwahi kumwona kwa macho. Nilimdhania mkubwa kwa ile sauti, kumbe ni mtu mfupi, mwembamba, kofia imelowa, redio ameifunga kwa shali ya mkewe ili isinyeshewe wakati yeye ananyeshewa.

"Kwa hiyo huyu ndiye kanipokonya kazi," akasema akiitazama kompyuta. Hakuwa amekasirika. "Hebu niambie. Kwangu inasema ngapi?"

"Moja na nukta saba mbili."

Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye pua. "Nimetoka huko asubuhi hii. Ilikuwa mbili na kitu. Juu yangu kulinyesha jana kutwa, ng'ambo kukavu."

"Labda imeshuka, mzee."

"Labda." Akafungua shali, akaweka redio mezani. "Binti, hii mashine yako inaona au inadhani?"

Injinia alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nikasema, "Inapima, mzee." Akaitikia kwa kichwa, akaniachia mfuko wa mahindi ya kukaanga aliotumwa na mkewe, akaanza safari ya saa tatu kupanda kwao.

Mahindi sijayala.

Saun 4

Mvua.

Saun 9

Mvua. Barabara ya basi imekatika. Safu nane za kijani.

Saun 16

Nimemwomba Injinia mara ya tatu. Leo hakunipigia kelele. Alinitolea barua mezani: uhamisho wake wa kurudi mji mkuu uko mbioni, na mkewe anaumwa figo, hospitali iko huko. "Miezi miwili, Nirjala. Kukitokea tatizo lingine la mashine, barua hii inaishia kwenye droo ya mtu. Baada ya sikukuu ya Dashain fungua boksi, hata ulipasue." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikaishia kumwonea huruma, na huruma ikawa kisingizio changu cha kurudi kwenye kiti.

Ukweli ni kwamba ufunguo wa chumba ninao mimi. Jumamosi ofisi nzima inakuwa yangu peke yangu. Ningeweza. Naandika hili kwa sababu nikilisoma kesho nitaona aibu, na huenda aibu ikanisukuma.

Saun 17

Haikunisukuma. Mvua.

Saun 24

Leo ni siku ya tatu ndiyo naweza kushika kalamu. Naandika kwa mpangilio.

Juzi Jumamosi, tarehe 22, nilikuwa zamu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumua, kisha alfajiri ikapungua. Saa moja asubuhi vituo vyote vilikuwa juu lakini chini ya mstari wa hatari. Ya tano ilisema mbili na nukta tatu.

Baadaye kidogo ya sita ilianza kushuka. Ya sita iko chini ya pale mikono miwili inapokutana. Ilishuka sentimita ishirini, kisha thelathini, kisha arobaini. Ya saba ikafuata. Nilifurahi. Nikasema mvua imekatika huko juu, mto unarudi. Nilichemsha chai. Kama safu ya tano ingekuwa maji ya Ghattekhola, ningeiona imeanguka karibu na sifuri, na kila mtoto wa milima hii anajua maana ya mto unaokauka katikati ya mvua: mlima umeanguka ukaziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Lakini ya tano ilikuwa ya nne, ongeza kumi na mbili. Mkono wa ng'ambo ulikuwa mzima, na kioo kikaniambia Ghattekhola nako ni salama.

Saa nne na dakika tano ya sita ikaruka. Haikupanda taratibu, iliruka mita tatu kwa mara moja, halafu ikanyamaza. Nikabaki na kikombe mkononi. Dakika nne baadaye ya saba ikaruka na kunyamaza.

Nilibonyeza king'ora.

Kililia vizuri. Nilifungua dirisha nione watu wanakimbia. Soko lilikuwa limejaa, siku mbili za mvua zilikuwa zimewafungia ndani. Waligeuza nyuso kuelekea kwetu. Wengine walicheka. Mtu mmoja alinipungia mkono, akapaza sauti, "Dada Nirjala, zima hicho kitu, mbuzi wangu ana mimba!" Kundi zima likaangua kicheko.

Nilishuka ngazi peku. Nilikimbia katikati ya mabanda napiga kelele kwamba safari hii ni kweli, nawavuta kwa nguo, nabeba watoto ambao mama zao walinipokonya. Naijua sauti yangu ilivyokuwa. Ilikuwa sauti ya mwendawazimu. Baadhi walinitazama usoni, wakaamini uso, wakaanza kupanda ngazi za hekalu. Wengine walibaki kukusanya mizani na vitambaa. Kisha upepo ukaja kutoka juu ya mto, upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliofukuliwa, na hapo kila mtu akaamini kwa pamoja, na ngazi zikawa nyembamba.

Sitaandika nilichokiona kutoka ngazi ya kumi na moja. Maji hayakuwa maji. Yalikuwa miti na mawe na paa, na yalikuwa meusi.

Watu kumi na wanne. Yule wa mbuzi ni mmoja wao.

Saun 25

Wamempata Mzee Dhanbir, mwendo wa saa nzima kuteremka mto kutoka darajani.

Watu wa Majhgaun, kijiji cha katikati ya njia, wamesimulia. Saa moja asubuhi alienda mtoni, kama alivyokwenda kila siku hata baada ya kuvuliwa kazi, akaukuta umebaki matope na samaki wanarukaruka. Hakuwa na redio. Akashuka mbio, mtu wa miaka sitini na moja, kwenye njia inayoteleza. Majhgaun aligonga nyumba thelathini na moja, mlango kwa mlango. Mmoja alimwambia ofisi ina mashine siku hizi, ingekuwa hatari wangepiga king'ora. Mzee alimchapa kofi. Walitoka wote. Majhgaun hakufa mtu.

Walimsihi abaki nao juu. Akasema, "Dobhanbazar leo kuna soko, na yule binti hana macho ya kule kwangu." Akaendelea. Alikuwa katikati ya daraja la kamba maji yalipofika.

Nilikuwa na saa tatu. Saa tatu nzima, nikachemsha chai.

Saun 28

Injinia ameniita. Amekonda wiki hii. Mezani kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa tayari: radi ya tarehe 21 iliunguza mlango wa tano, mfanyakazi hakuwa na njia ya kujua. Chini jina langu na nafasi ya sahihi.

"Hakukuwa na radi," nikasema.

"Mwezi mzima umenyesha. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Mimi nilisema, wewe uliandika." Alisema polepole, bila ukali. "Mkono ulioandika ule mstari ni wako. Ukinizamisha unazama na mimi. Na waliokufa hawarudi, Nirjala. Ningekuwa najua njia ya kuwarudisha ningekuwa nimeshalala kaburini mwao."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona mwanamume wa cheo akilia. Nilichukua karatasi, sikutia sahihi, sikuichana. Nimekuja nayo nyumbani.

Saun 31

Bado sijatia sahihi. Bado sijaichana.

Bhadau 2

Nimepanda Ghattekhola. Daraja halipo, tumevushwa kwa kamba na kikapu. Mke wa Mzee Dhanbir anaitwa Sunkesari. Nilimkuta barazani, mavazi meupe ya msiba, anapukuchua mahindi. Nilikaa chini, nikamweleza kila kitu: kadi, namba mbili zilizogombana, mstari nilioandika, na lile swali alilouliza mumewe siku ya kurudisha redio.

Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo alijua?"

"Alihisi, mama. Aliniuliza. Nilimdanganya."

"Aliporudi siku ile aliniambia, yule mtoto anaogopa mtu. Nikamwambia achana nao, hawakutaki tena." Akatupa gunzi. "Aliendelea kwenda mtoni kwa sababu yako."

Nilianza kumwokotea punje zilizodondoka barazani.

"Umekuja nikwambie nini? Kwamba yamekwisha?"

"Sikujia hilo."

"Vizuri, maana silo utakalopata." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hayo uliyoniambia mimi, kuna wakubwa wa kuwaambia?"

"Kuna tume. Inakuja tarehe kumi na moja."

"Basi nitashuka. Nitakaa nyuma, nisikie kama utayasema hivihivi."

Njiani kurudi nimeichana karatasi ya radi. Ruba walikuwa wamejaa miguuni, nilifika nyumbani soksi nyekundu.

Bhadau 7

Ofisini hakuna anayenisemesha. Injinia amesikia. Amenipita kwenye korido kama nguzo.

Bhadau 11

Tume ilikaa kwenye chumba cha mashine, watu watatu wa mji mkuu na karani wao. Injinia alikaa pembeni, mikono magotini. Mama Sunkesari alisimama karibu na mlango, alikataa kiti. Ametembea tangu gizani.

Nilisema. Nilifuata mpangilio uleule wa barazani kwake, pamoja na mstari, pamoja na mkono ulioandika. Sikumtupia Injinia zaidi ya alichosema. Alipoulizwa kama ni kweli alisema, "Ni kweli."

Mwenyekiti hakuelewa habari ya anwani. Akadhani ni kifaa ambacho kingeagizwa nje, miezi ya kungoja. "Marekebisho hayo yangehitaji nini?"

"Kibanio cha nywele," nikasema.

Akadhani namfanyia mzaha. Nikaomba ruhusa nionyeshe. Nilizima mashine, nikafungua skrubu nne, nikachomoa kadi. Nilivua kibanio kichwani, nikasukuma swichi moja juu na nyingine chini. Nikairudisha kadi, nikafunga, nikawasha. Nikaandika 300 mahali pa 280, nikaufuta ule mstari wangu. Kituo cha Ghattekhola kimeondoka na mto, kwa hiyo nilichomoa waya wa kituo cha tatu nikauchomeka kwenye mlango wa tano. Namba ikatokea. Maji ya kweli, yanayotembea wakati huohuo. King'ora hakikulia.

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Dakika tisa," akasema, kama mtu anayejisemea.

Mama Sunkesari alikuja mpaka kwenye meza. Hakuna aliyemzuia. "Umegusa nini humo?" Nikafungua tena, nikamwonyesha. Alisogeza ukucha wa kidole kidogo karibu na ile swichi. Ukucha ulikuwa mkubwa zaidi.

"Hiki tu?"

"Hicho na kile cha pembeni yake, mama."

Alikaa ameinama hivyo. Nilisikia pumzi yake. Nilidhani angenipiga, na nilisimama vizuri ili aweze.

Akarudi mlangoni. Karani akaanza kusoma alichoandika ili tutie sahihi: mfanyakazi ameeleza moja, mbili, tatu, na mbele ya tume kasoro ilirekebishwa kwa muda mfupi.

"Hapana," akasema Mama Sunkesari.

Karani akainua kichwa.

"Usiandike muda mfupi. Muda mfupi ni nini? Andika tisa."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama sakafu. Karani akakata maneno mawili, akaandika juu yake dakika tisa, na mama akaja mezani akahakikisha kwa kidole mahali wino ulipokuwa bado mbichi.